Bolti Alizokaza Mzee Ndegwa

Mlinifanyia sherehe nzuri mwezi uliopita. Mkanipa saa kubwa ya ukutani, sijui ya nini kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi, lakini nimeitundika na inatembea. Chebet, ambaye sasa ndiye anayesimamia gereji, aliniomba niandike yale ninayoyajua kabla sijayasahau, hasa habari ya paipu za oili za turbo, kwa sababu anasema bado kuna watu humo ndani wanaopaka silikoni, ile gundi ya kuzibia, wakidhani hawaonekani.

Mambo ya mshahara na ya lini nilifanywa fomani sitayaandika. Hayajawahi kumsaidia mtu kufungua nati iliyoshika kutu. Nitaandika habari ya paipu hizo na ya Mzee Ndegwa aliyenifundisha kazi. Siwezi kuandika moja nikaacha nyingine, maana paipu ya namna hiyo ndiyo iliyomuua mke wake, na mimi nina mkono katika kifo kile. Wachache wenu mnajua. Sasa mjue wote.

Nilifika Eldoret nikitoka Siaya, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kwa sababu mjomba aliniambia naenda kufanya kazi mjini na mimi sikuuliza kazi gani. Ndegwa alinitazama kutoka viatu hadi kola akaniuliza kama nimekuja kuoa. Alikuwa mtu wa Nyeri. Wazazi wake walihamia huku na kununua kipande cha shamba upande wa Sugoi, lakini jembe lilimshinda, akajikuta gereji na hakutoka tena. Alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko yeye.

Siku hiyo ya kwanza hakunipa spana. Alinipa karai la bolti na nati zilizochanganyika, zimelowa dizeli, akaniambia nifumbe macho. "Niambie hii ni saizi kumi ama kumi na mbili. Usiangalie. Ukifika chini ya gari hutaona kitu, utakuwa na vidole peke yake." Nilifanya hivyo wiki nzima. Shati likafa siku ya pili. Mara ya kwanza nilidhani mzee ananichezea ili wenzake wacheke, na kweli walicheka, lakini wiki ya pili nikawa nachomoa bolti mfukoni bila kuangalia na kujua ni ya wapi.

Sheria yake ilikuwa moja: kidole kwanza. Kila bolti uianze kwa vidole, mizunguko mitatu, ndipo uguse spana. Ikikataa, itoe uanze upya. Spana haina akili, alikuwa akisema, itakubali chochote utakachoilazimisha. Bolti ikiingia kombo vidole vitakuambia mara moja, lakini spana itaendelea kukaza huku inakula thredi, ile mikato inayoshikana na chuma cha ndani, na wewe utadhani umekaza vizuri sana.

Halafu kulikuwa na rangi. Hii bado mnaifanya, ingawa naona siku hizi mnapiga mistari kama watoto wa nasari. Mtu akimaliza kukaza bolti muhimu, anapiga mstari mdogo wa rangi kutoka kwenye kichwa chake hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, bolti imelegea. Lakini kwetu rangi ilikuwa pia jina. Ndegwa alikuwa na manjano, mimi nikapewa nyeupe baada ya miaka mitatu. Na hakuna mtu aliyekuwa na ruhusa ya kugusa rangi ya mwenzake. Kugusa bolti yenye rangi ya mtu bila kumwita ilikuwa sawa na kumwambia mbele ya watu kwamba hajui kazi. Niliona watu wazima wakikosana kwa jambo hilo na kukaa mwezi bila kusalimiana.

Basi tuje kwenye turbo, na anayetaka kujua uvujaji peke yake asome hapa aende zake. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, hukaa kwenye njia ya moshi na huwa moto kupita kitu kingine chochote chini ya boneti. Oili huingia kwa paipu nyembamba ya juu, kwa nguvu, na hutoka kwa paipu nene ya chini, kwa uzito wake tu. Ukiona imelowa oili, usiamini mahali palipolowa. Oili huteremka na upepo huirudisha nyuma, kwa hiyo chanzo kiko juu zaidi ya pale unapopaona. Osha, kausha kabisa, washa injini, shika tochi na karatasi safi, anza juu ushuke. Kichwa cha paipu ya juu hukazwa kwa bolti, katikati ya washa mbili za shaba, zile pete bapa za kuzuia oili. Ukifungua, weka mpya. Ukikosa mpya, choma za zamani kwenye jiko mpaka ziwe nyekundu, uzitie majini, zitalainika tena. Ndegwa alikuwa akizichomea kwenye jiko la mkewe na kila mara walikosana juu ya harufu. Silikoni usiguse. Ukikaza, kipande chake huingia kwenye tundu na turbo hufa kwa kiu. Paipu ya chini nayo isikunjike, maana oili ikikosa njia ya kushuka itajitafutia nyingine, na watu watasema turbo imekufa kumbe ni nzima.

Kuna lori la maziwa lililoletwa kwetu likiwa limebadilishwa turbo mara mbili kwingineko, na bado linamwaga oili. Tulilizunguka asubuhi nzima. Ndegwa alifungua kifuniko cha kujazia oili, injini ikinguruma, akaweka kiganja chake juu ya mdomo ule na kufumba macho. "Hii injini haipumui," akasema. Tukafuata mpira wa kupumulia. Nyigu walikuwa wamejenga udongo ndani yake wakati lori limekaa bila kazi. Tulitoa udongo kwa waya, hewa iliyobanwa ndani ikapata njia, na uvujaji ukaisha. Mimi nilisimama pale nikitazama kile kiganja chake na nikatamani siku moja niwe na mkono kama ule.

Kisha mkono ule ukafa. Sina namna nzuri zaidi ya kusema. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi na alikuwa anaushinda kwa mzaha, anakunywa chai bila sukari huku akiitukana. Siku moja nilimwona ameshika kikombe cha bati kilichotoka motoni wakati huohuo. Mimi nilishindwa kukigusa. Yeye alikishika akiongea habari za kanisa mpaka akamaliza hadithi, na alipokiweka chini ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kuinuka. Hakujua. Akaona ninamtazama, akaangalia vidole, akasema chai ya huyu mama wa kibanda ni moto sana.

Wiki hiyohiyo nilipita kwenye gari alilomaliza na nikaona bolti ya paipu ya turbo imekaa upande. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Mstari wa manjano ulikuwa umepigwa juu yake kwa uhakika wake wote. Nilisimama hapo nikiwa na njia mbili, kumwita aione ama kumficha, na zote nilikuwa nazijua. Nikangoja aende kula, nikafuta rangi yake kwa petroli, nikaitoa ile bolti, nikasafisha thredi, nikaianza kwa vidole na kuikaza. Kisha nikachukua kikopo chake cha manjano nikapiga mstari kama anavyoupiga yeye, mnene unakoanzia, mwembamba unakoishia.

Nilifanya hivyo kwa miaka miwili. Sikumwambia yeye, wala mwenye gereji, wala mtu yeyote. Nilijiambia ni heshima. Nilijiambia amebakiza muda mfupi, kwa nini nimvunje moyo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Hasira yake nisingeiogopa, maana hakuwa nayo nyingi; niliogopa uso wake, vile ungekuwa baada ya mimi kusema. Kwa hiyo kila saa ya chakula, yeye alipokwenda kibandani, mimi nilibaki nikisema sina njaa, na magari mengi ya mji huu yalitembea na mstari wa Ndegwa uliopigwa na mimi, Okoth.

Alipostaafu, mwenye gereji alisimama akasema kwamba kwa miaka yote ile hakuna gari la Ndegwa lililorudi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Ndegwa aliinua mikono yake miwili akaigeuza mbele ya watu, akicheka, akasema, "Ni hii tu. Sina kitu kingine, ni hii mikono tu." Mkewe, Mama Njeri, alikuwa amekaa karibu nami. Alinipiga kiwiko akaniuliza mbona natoa machozi na aliyestaafu si mimi.

Ndegwa alirudi kwake, mtaa wa West Indies hapahapa mjini, akaanza kufanyia watu kazi ndogondogo kwenye kiwanja cha nyumba, breki na plagi na kadhalika. Nilipata habari nikajisemea si kitu, ni vitu vidogo. Halafu Jumatano moja, mchana, akanipigia simu.

"Okoth! Ile turbo line ya pikapu yangu imekuwa ikitoa oil. Nimeifungua hapa kwa compound, nimeweka washa mpya, nimemaliza. Imekauka kabisa."

"Umeiendesha, Mzee?"

"Nimeiacha ikinguruma idle karibu half an hour. Hakuna hata tone."

Mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba bolti iliyoingia kombo inaweza kushika vizuri injini ikiwa haina mzigo. Ikipanda mlima na ikapata joto, ndipo inaachia.

"Si ungeningoja nikuje tuiangalie pamoja?"

"Tuangalie nini? Wewe ndio unataka kunifundisha hiyo kazi saa hii?" Akacheka. Nikasikia sauti ya Mama Njeri nyuma yake: "Mwambie akuje Saturday, nitapika mukimo. Na aache kujifanya ako busy."

Hapo ndipo mahali penyewe. Nilikuwa na simu sikioni na sentensi moja ilitosha: Mzee, gari lisitoke mpaka niliguse. Angeniuliza kwa nini, na ningelazimika kumjibu. Nikasema, "Sawa Mzee, Jumamosi."

Ijumaa asubuhi Mama Njeri alipakia mbegu za viazi na mbolea akaelekea Kaptagat, walikokuwa wamekodi shamba. Alikuwa dereva mzuri kuliko mumewe, na hilo Ndegwa mwenyewe alilikubali. Akiwa amepanda mlima na mzigo, bolti ikaachia na oili ikamwagika juu ya ile turbo yenye moto. Aliona moshi, akaegesha vizuri kando ya barabara, akashuka akafungua boneti. Ningekuwepo ningemwambia asifungue. Upepo uliingia na moto ukamrukia. Vijana wa kukimbia waliokuwa mazoezini ndio waliomvuta na kumzimia moto kwa udongo na jaketi zao. Alikaa hospitalini siku sita. Nilimwona mara moja. Aliniambia pole kwa sababu mukimo haukupikwa.

Majuma matatu baada ya mazishi, Ndegwa aliniita kwake. Pikapu ilikuwa imeletwa na kuwekwa nyuma ya nyumba, imefunikwa turubali. Alikuwa amevaa ovaroli, imefuliwa. "Fungua," akaniambia. "Nataka kujua ni nini."

Nilifungua polepole kuliko nilivyowahi kufungua kitu. Nilipofika kwenye bolti ya paipu ya juu haikuhitaji nguvu, ilitoka kwa vidole. Niliiona kabla sijaipangusa. Upande mmoja thredi zilikuwa zimeliwa mpaka pakawa laini. Akanyoosha mkono nikampa. Akaivingirisha kati ya kidole gumba na cha shahada, macho ameyafumba, akachukua muda wake.

"Thredi iko sawa," akasema. "Haijaumia. Basi ni paipu ilikuwa imechoka. Ni mimi sikununua paipu mpya."

Nilihitaji kusema ndiyo tu. Angejilaumu kwa paipu kuukuu, jambo ambalo mtu yeyote angeweza kusahau, na mikono yake ingebaki mizuri hadi kufa kwake. Nilifungua mdomo nikiwa na nia hiyo kabisa.

"Mzee, haiko sawa."

"Wapi?"

"Vaa miwani."

Akavaa. Akaiinua kwenye mwanga akaitazama kwa muda mrefu.

"Iliingia kombo," akasema.

"Ndiyo."

"Okoth, mimi sijawahi kuingiza bolti kombo. Maisha yangu yote. Uliza mtu yeyote pale gereji."

Hapo nikamwambia. Nilimweleza kuhusu kikombe, petroli, kikopo cha manjano na saa za chakula. Alisikiliza akiwa amesimama, na nilipomaliza akaanza kuniuliza gari moja baada ya jingine.

"Ile basi ya shule?"

"Niliirudia, Mzee."

"Ambulance ya misheni?"

"Hiyo pia."

"Na gari ya padri?"

"Hiyo pia."

Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Kuku walikuwa wanapekua karibu na miguu yake na hakuwafukuza. "Mimi makosa yako yote nilikuambia kwa uso," akasema. "Yote. Hata shati. Mbona mimi ukanifanya mtoto?"

Niliinama nikaanza kukusanya spana.

"Ningejua, hiyo pikapu ningekuletea," akasema. "Ningekuletea tu, Okoth. Singeona haya. Na huyu mama angekuwa hapa jikoni saa hii."

Aliifunga ile bolti kwenye leso, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilirudisha turubali nikaondoka. Nililia njiani mchana kweupe, mtu mzima na ndevu zangu, na sikujali nani ananiona.

Tuliendelea kuonana kanisani. Alinisalimu kwa jina, akauliza habari za watoto, lakini mikono yake ilikaa kwenye mifuko ya koti. Hakunipa mkono tena. Katika mji huu watu wanashikana mikono hata kama wanaonana mara tatu kwa siku, na wenzetu waliona, wakaniuliza, nikawaambia mzee anasikia baridi. Ilikuwa hivyo zaidi ya mwaka mmoja.

Chebet, mwaka huu uliponiita kando ukaniambia macho yangu hayaoni tena nyufa ndogo na kwamba umerudisha kazi yangu moja, nilikasirika siku mbili nzima. Nilikuita majina mabaya nyumbani kwangu, mke wangu ni shahidi. Siku ya tatu nilileta barua ya kustaafu. Sikukushukuru siku ile, nakushukuru hapa. Na nyinyi wengine, mkiona bolti ya mwenzenu imekaa upande, mwiteni aje aione. Msiifute rangi yake.

Ndegwa alipougua mwisho, Njeri binti yake alinipigia akasema baba ananitaka. Nilifika asubuhi. Alikuwa kitandani kando ya dirisha, amekonda, miguu imefunikwa blanketi mbili. Alimwambia Njeri atuache. Nilikaa kwenye kiti nikiwa na maneno niliyoyapanga kutoka nyumbani, na sikuyasema hata moja, kwa sababu alitoa mkono wake wa kulia chini ya blanketi akaunyoosha kwangu.

Nikaushika.

"Shika na nguvu, Okoth," akasema. "Sisikii kitu."

Nikakaza.

"Bado."

Nikakaza kwa mikono miwili mpaka viungo vyangu vikaniuma. Alikuwa anatazama dari, anasubiri.

"Bado," akasema.